Mwambieni Basi Kwao ni Wapi

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumwita mtu anayelala nje. Ombaomba. Mzururaji. Chokoraa. Mtoto wa mitaani. Akiwa mwanamke, lipo neno jingine tunalolitanguliza kabla ya hayo yote: changudoa. Kila moja ya maneno haya hutaja kile tunachodhani mtu huyo anakifanya. Hakuna hata moja linalotaja alichokikosa. Alichokikosa ni nyumba, na kwa kuwa hatuna neno lake, tumejizoeza kuamini kwamba jambo lenyewe halipo.

Nimesukumwa kuandika makala haya na mjadala uliozuka katika kupanga vituo vya mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi. Kwa misimu mitatu nimekuwa nikiwasimamia wanafunzi waliopangiwa kituo kidogo cha mchana cha wanawake wasio na makazi, kilichoko Mbagala. Mwaka huu limeletwa pendekezo kwamba kituo hicho kifutwe katika orodha. Sababu zilizotolewa ni tatu. Kwanza, wanawake wale wana kwao, warudishwe huko. Pili, kituo kinalea uvivu. Tatu, mwanafunzi wa shahada hajifunzi lolote mahali ambapo kazi ni kuteka maji na kugawa uji. Uamuzi haujafanyika. Kwa kuwa sababu hizi tatu nimezisikia pia nje ya kuta za chuo, kutoka kwa viongozi, wachungaji, masheikh na majirani, naona ni haki zijibiwe hadharani.

Kituo chenyewe sitakitaja kwa jina. Waliomo wanajificha, wengine waume zao, wengine mgambo. Itoshe kusema ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne na uwa wa nyuma wenye bomba. Hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Hakuna anayelala hapo usiku, kwa kuwa mwenye nyumba hakuridhia na fedha ya kumlipa mlinzi haipo. Mwanamke akiingia hupata maji ya kuoga, kipande cha sabuni, kamba ya kuanikia nguo, uji, chakula cha mchana, mahali pa kuchaji simu, na kabati lenye kufuli ambamo furushi lake hukaa salama. Hupata pia mkeka. Mkeka ndio unaogombewa kuliko chakula, maana mwanamke anayelala nje halali. Hukesha akilinda mwili wake na fuko lake, na jua linapotoka ndipo macho yanapomshinda.

Wanalala wapi usiku? Kwenye vibaraza vya maduka na chini ya meza za sokoni. Kwenye vibanda vya mama lishe, ikiwa mwenye kibanda ni mtu wa huruma. Kwenye veranda za hospitali, wakijifanya wanauguza. Kwenye mikesha ya maombi. Na msibani. Hili la mwisho lilinifunza mengi kuliko vitabu kadhaa. Msibani hakuna anayeuliza jina. Mwanamke akijifunga khanga kiunoni, akaosha masufuria na kuketi mkekani pamoja na wafiwa, atakula na atalala salama mpaka matanga yaanuliwe. Mama mmoja wa makamo aliniambia kwamba ameijua Mbagala kwa misiba yake: Charambe, Kizuiani, Kijichi. Huyafuata maturubai kama wengine wanavyofuata minada. Nilimuuliza huwaliaje watu asiowajua. Akanijibu, "Kulia si kazi, mwanangu. Sababu ninazo zangu."

Huyo ndiye tunayeambiwa arudi kwao.

Tuichukue basi hoja hiyo kwanza, kwa kuwa ndiyo mama wa zile nyingine. "Kwao" ni neno zito katika Kiswahili. Tunamuuliza mgeni "kwenu wapi?" kabla hatujamuuliza jina lake, na hatutegemei ajibu kwamba hana. Wahenga wametuachia kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hawakutuambia afanyeje ambaye jahazi lake limezama.

Sera ya kuwarudisha watu kwao si ya leo, na haikubuniwa na Mwafrika. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Kwa sheria hiyo, mtu mweusi asiye na kazi ya kuajiriwa aliweza kukamatwa Dar es Salaam na kurudishwa shamba. Mwanahistoria Andrew Burton ameichambua vyema siasa hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu wahuni wa Dar es Salaam na utawala wa kikoloni. Mkoloni alikuwa na mantiki yake: mji ni wake, Mwafrika yumo kwa ajili ya kazi tu, na asiye na kazi ana kwao. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, mantiki ikabaki. Mwaka 1983 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, na misako ikarudi katika mitaa ileile, mara hii ikiendeshwa na wenyewe kwa wenyewe. Anayesema leo kwamba dawa ya mwanamke wa Mbagala ni nauli ya kumrudisha Kilwa, Lindi au Tabora anakariri somo la mwaka 1944, hata kama analisema kwa sauti ya Kiafrika.

Lakini tumpe mtetezi wa hoja hii nafasi yake. Atasema kwamba Mwafrika hana yatima, ukoo ndio nyumba ya wazee, ndio hospitali, ndio bima. Mwalimu Nyerere aliandika hivyo mwaka 1962 katika kijitabu chake kuhusu ujamaa, kwamba katika jamii ya jadi mtu hakuhofia kesho kwa kuwa mali ya jamii ilimsitiri. Wanaopenda kumnukuu huishia hapo. Mwalimu mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka 1967, katika andiko lake kuhusu ujamaa vijijini, alikiri wazi kwamba jamii hiyo ya jadi ilikuwa na kasoro kubwa, na ya kwanza kuitaja ilikuwa hali duni ya mwanamke. Kwa hiyo hata mwasisi wa hoja alijua kwamba paa la ukoo halikuwafunika wote kwa usawa.

Sheria inathibitisha hivyo. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalohusu jamii zinazofuata ukoo wa baba, linasema kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Mjane mwenye watoto wadogo ametunukiwa haki ya kutunzwa na mtoto wa miaka sita.

Usidhani kwamba haya ni makaratasi yaliyolala. Wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga, ambao dunia inawajua kwa herufi E.S. na S.C., wote mafundi cherehani, walifukuzwa na wakwe pamoja na watoto wao baada ya waume kufariki. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta kwa hofu ya kufungua mlango wa kesi za mila zisizo na mwisho. Walikata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya kiufundi katika hati, bila kugusa kiini cha shauri. Ikabidi wafike kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki zao, na kwamba sheria hizo zirekebishwe. Kutoka 1963 hadi 2015 ni miaka 52. Na ninyi mnawaambia wanawake hawa warudi kwao! Kwao ni wapi? Kwa mume wamefukuzwa na ukoo. Kwa baba, kaka amekwisha kugawana shamba na ndugu zake, na chumba alichozaliwa dada kinalala wapwa.

Mtu ataniambia kwamba pwani si Shinyanga. Ni kweli. Wengi wa wanawake wa Mbagala ni Waislamu, na sheria ya dini yao humpa mjane fungu lililo wazi: thumni akiwa marehemu ameacha watoto, robo akiwa hakuacha. Hilo ni haki na linaheshimiwa. Lakini nyumba ya vyumba viwili haikatiki vipande vinane. Inauzwa, haraka, kwa bei ya mwenye haraka, na thumni yake inamalizika kwa kodi ya mwaka mmoja. Wanawake wa kusini nao watanikumbusha kwamba kwao ukoo hufuata mama. Hilo nalo ni kweli, ila shamba la bibi liko Newala na mwanamke ameishi Dar es Salaam miaka thelathini. Shamba hilo linalimwa na wengine, na haki isiyolimwa huota magugu.

Vipi mwanamke aliyeachwa, asiye mjane? Huyu ana sheria nzuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua nyumba ya ndoa, inamzuia mume kuiuza bila ridhaa ya mke, na inaruhusu mali iliyochumwa pamoja igawanywe. Mwaka 1983, katika shauri mashuhuri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi ya nyumbani ya mke ni mchango katika kuchuma mali. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua kesi hiyo. Wachache hukumbuka kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mahakamani bila fungu katika nyumba, kwa maelezo kwamba fedha alizopewa awali na mumewe zilikuwa zimetosha. Alishinda kanuni akakosa mlango.

Mbagala imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya viwanja vilivyonunuliwa kwa karatasi za mauziano, mbele ya mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hiyo huandikwa jina moja. Mke alibeba kokoto na kuwapikia mafundi. Alicheza upatu ili bati zinunuliwe. Jina lake halimo, wala mashahidi waliotia dole hawakuwa wa upande wake. Siku ya talaka hutoka na sufuria zake. Sheria ya 1971 iko palepale, ila kuifikia kunataka nauli, muda, mtu wa kuandika madai, na anwani ya kupokelea wito wa mahakama. Yeye ameshaipoteza anwani.

Hapo ndipo tunafika kwenye hoja ya pili, ile ya uvivu. Nawaomba wanaoisema wafanye nami hesabu ndogo. Chukulia mwanamke anaosha vyombo kwa mama lishe na kulipwa shilingi 4,000 kwa siku. Atoe 2,000 za kula, na 1,000 za choo cha kulipia, kuoga na maji ya kunywa. Yamebaki 1,000. Chukulia chumba kinapangishwa kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6, yaani 240,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 40,000. Jumla ni 280,000. Itamchukua siku 280 kuipata, zaidi ya miezi tisa, bila kuugua siku moja, bila kufiwa, bila kununua dawa wala pedi, bila mvua ya masika kukifunga kibanda, na bila mtu kumwibia usiku. Na alipe wapi akiba hiyo? Laini ya simu inataka kitambulisho, kitambulisho kinataka barua ya serikali ya mtaa, na barua inataka mtaa. Mtu anayeweza kuamka kila siku na kuingia katika hesabu hii hana uvivu hata chembe. Mimi nisingemaliza wiki.

Ukipenda kuona jinsi mwanamke huyu alivyoondolewa katika daftari la taifa, soma masharti ya misaada yetu. Mpango wa TASAF huhesabu kaya maskini, na kaya hutambuliwa na majirani katika mkutano wa mtaa. Asiye na kaya hana majirani wa kumtaja. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, nami nililipongeza. Lakini mkopo hupewa kikundi kilichosajiliwa, chenye wanachama wanaojulikana mtaani. Ngazi zote hizi zimewekwa ukutani, ila ngazi ya chini kabisa imeanzia futi kumi juu ya ardhi.

Sheria ya jinai, kwa upande wake, haikumsahau. Vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu bado vinamfanya mhalifu mtu asiye na njia inayoonekana ya kujikimu na asiyeweza kujieleza vya kutosha. Ni urithi wa sheria za Uingereza za kuwaadhibu maskini wanaotembea. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa maombi ya Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba kuwakamata wanawake kwa kosa la kukosa njia ya kujikimu kunapingana na Itifaki ya Maputo, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Mahakama hiyo iko Arusha. Maoni yale hayakulazimika kuvuka hata mpaka mmoja kutufikia. Ni kweli kwamba ni ya ushauri, hayana nguvu ya hukumu. Lakini nchi inayojivunia kuwa mwenyeji wa mahakama ya bara zima ingepaswa kuona haya kidogo, kwa kuwa usiku mwanamke wa Mbagala bado anaogopa tochi ya askari kuliko giza.

Mbagala ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Aprili 29, 2009, maghala ya silaha ya kambi ya jeshi yalilipuka hapo. Watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha na maelfu ya nyumba yaliharibika. Usiku ule maelfu ya watu walilala nje, akina mama na watoto wao, na hakuna aliyewaita wazururaji. Hakuna aliyewauliza walifanya nini hata wakakosa nyumba, wala aliyewapa nauli ya kwenda Lindi. Taifa lilijua kwamba mtu anaweza kukosa paa bila kuwa na hatia. Ninachouliza ni kwa nini tunalijua hilo nyumba inapobomolewa na bomu, na tunalisahau inapobomolewa na talaka.

Sasa hoja ya tatu, inayonigusa kama mwalimu: kwamba hapo hakuna la kujifunza. Mwenzangu mmoja aliuliza, kwa kejeli, kama chuo kikuu kinafundisha kufua mablanketi. Nitamweleza mwanafunzi anafanya nini katika wiki zake nane. Asubuhi anashika daftari la mahudhurio, na safu ya tatu inamtaka aandike makazi. Siku ya kwanza kalamu yake inakwama hapo. Siku ya pili anaanza kujiuliza nani aliichora safu ile na kwa kudhani nini, na swali hilo lina thamani kuliko nusu ya mihadhara yangu ya mbinu za utafiti. Wiki ya pili anamsindikiza mama kwa mtendaji wa mtaa kuomba barua, na anarudi bila barua. Wiki ya nne anakaa naye Dawati la Jinsia na Watoto polisi na kuona jinsi maelezo ya mtu yanavyofupishwa hadi kutoshea kwenye fomu. Wiki ya sita anakwenda naye ustawi wa jamii hospitalini kuomba msamaha wa gharama, na anajifunza kwamba haki iliyoandikwa na haki iliyopokelewa hutenganishwa na benchi refu. Anajifunza kunyamaza. Anajifunza kusema shikamoo kwa bibi ambaye standi nzima humwita "we mama, pisha", na kungoja marahaba ije polepole, kwa kuwa aliyeamkiwa hana hakika kama ni yeye.

Wasichana katika kundi hilo hujifunza jambo la ziada. Mabweni hayatoshi, na kubebana, yaani kulala wawili kitanda cha mmoja kwa siri, wanakujua. Wengine hupanga chumba uswahilini kwa msaada wa mtu ambaye msaada wake una masharti. Mwanafunzi mmoja aliandika katika ripoti yake kwamba umbali kati yake na wanawake wale ni kodi ya miezi sita. Nilimpa alama za juu, nami sitaomba radhi kwa hilo.

Yapo maneno ya kweli katika upande wa pili, nami siyakwepi. Kituo cha mchana hakimpi mtu nyumba. Saa 11 jioni mlango unafungwa na wanawake wanarudi walikotoka. Ni kweli pia kwamba wanafunzi wanaofanya kazi bure wanaweza kuwa kisingizio cha serikali kutoajiri maofisa ustawi wa kutosha, na kwamba baadhi yao huja na simu mkononi wakitaka picha ya huruma ya kuweka mtandaoni. La picha tumelikomesha kwa kanuni, nalo la ajira nalisema hapa ili lisikike. Lakini dawa ya kasoro hizo ni kuboresha na kusimamia. Hakuna anayefunga zahanati kwa sababu si hospitali ya rufaa.

Wala tusidanganyane kwamba nchi hii haijui kuendesha vituo vya namna hii. Dogodogo Centre ilianza mwaka 1992 hapa Dar es Salaam kwa ajili ya wavulana wa mitaani, na taifa likajifunza kumwona mtoto wa kiume aliye nje kuwa ni mtoto, si mwizi. Wazee wana makazi ya serikali, kama yale ya Nunge, Kigamboni. Waliokolewa katika biashara haramu ya binadamu na ukatili wa kijinsia wana mwongozo wa nyumba salama. Kila mmoja ana mlango wa kuingilia, ilimradi aje na sifa: utoto, uzee, au jeraha lenye fomu ya polisi. Mwanamke wa miaka 40, mzima wa mwili, aliyeachwa, hana sifa. Ni mzima mno kusaidiwa na maskini mno kupanga. Marekani ilipita hapo. Mjini Boston, Kip Tiernan aligundua kwamba wanawake walikuwa wakijivika kama wanaume ili wapate chakula katika makazi ya wanaume, na mwaka 1974 akafungua Rosie's Place kwa ajili yao. Wa kwetu hawajivishi suruali. Wanajivika msiba.

Ninachodai ni mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza, Bunge lifute maneno ya vifungu vya 176 na 177 yanayoufanya umaskini kuwa kosa. Sheria za wizi, vurugu na ukahaba zipo tayari kwa anayetenda hayo. La pili, Tamko la mwaka 1963 lirekebishwe, ili mjane asimame katika urithi kwa jina lake. Miaka zaidi ya 60 inatosha kutafakari. La tatu, kila halmashauri ya Dar es Salaam, kuanzia Temeke, itenge jengo moja la mchana kwa wanawake wasio na makazi, lenye maji, vyoo, makabati na ofisa ustawi mmoja wa kudumu, na anwani ya jengo hilo ikubaliwe kisheria kuwa anwani ya kutolea barua, kitambulisho na wito wa mahakama. Jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 haliwezi kusema kwamba nyumba tano zimelishinda. La nne linatuhusu sisi wa vyuoni: vituo kama hiki vibaki katika orodha, msimamizi afike angalau mara tatu kwa msimu badala ya kusaini fomu kwa mbali, na ripoti za wanafunzi zipelekwe kwa halmashauri zikiwa ushahidi, zisiozee kabatini.

Kwa wenzangu watakaopiga kura juu ya orodha ile, nina ombi moja dogo kabla ya kikao. Nendeni Mbagala siku moja ya kazi, kabla ya saa 1 asubuhi, msimame nje ya mlango ule uliofungwa. Mtawakuta wamekwisha kufika, furushi mkononi, wakisubiri ufunguo. Mwambieni yeyote kati yao arudi kwao. Kisha mngoje jibu, na mkilipata, mlilete kikaoni liandikwe katika muhtasari.